Maria Theresia von Paradis: binti asiyeona aliyenifundisha kuuliza kwanza

Vijana wenzangu, leo nawaletea maisha ya mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia kwenye kwaya zetu. Si mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa, kwa hiyo usimtafute kwenye kalenda ya liturujia. Ni mpiga piano wa Vienna, Austria, aliyezaliwa mwaka 1759 na kufariki mwaka 1824. Anaitwa Maria Theresia von Paradis. Ila kabla sijasimulia habari zake inabidi nikiri kosa langu, maana bila kosa hilo nisingemtafuta.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya vijana hapa Karatu. Nilijifunza kama wengi wenu mlivyojifunza: mwalimu anakuonyesha pa kuweka vidole, mengine unayatafuta mwenyewe kwa kusikiliza na kubahatisha. Mwaka jana, miezi michache kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, alikuja mazoezini binti wa miaka 14 hivi. Kwao ni juu Ngorongoro, upande wa Nainokanoka, lakini alikuwa ameshuka kuja kukaa na shangazi yake hapa mjini. Haoni. Aliugua akiwa mdogo sana, macho yakaharibika. Shangazi alimshika mkono, akamfikisha mbele, akasema mtoto anapenda kuimba.

Sauti anayo, tena nzuri. Tukamweka sauti ya kwanza. Mazoezi yalipoisha, wenzake wakawa wanatoka, yeye akabaki karibu na kinanda anakipapasa taratibu. Akaniuliza, dada, na mimi naweza kujifunza hiki? Nikamjibu tutaona. Jamani, hebu fikiria, mtu haoni halafu unamwambia tutaona.

Sikumkatalia waziwazi. Nilijitetea moyoni kwamba noti hatazisoma, kwamba kinanda ni mali ya parokia na kikiharibika nitaulizwa mimi, kwamba muda hautoshi. Badala yake nikapendekeza kitu kilichoonekana kizuri zaidi: tumfanyie novena ili Mungu amponye macho. Wote wakakubali. Siku tisa tulisali, na tulisali kwa moyo kweli. Yeye alikaa katikati yetu ametulia. Na siku zote tisa kinanda kilikuwa mita mbili kutoka alipokaa, kimefunikwa kitambaa.

Basi, mlezi wetu wa vijana akanipa kazi: siku ya Sesilia, tarehe 22 Novemba, nizungumze kwa dakika 15 kuhusu mwanamke yeyote katika muziki. Nikaanza kutafuta kwenye simu. Nikakutana na Maria Theresia.

Mtoto wa Vienna

Alizaliwa Vienna tarehe 15 Mei 1759. Baba yake, Joseph Anton, alikuwa afisa katika serikali ya Malkia Maria Theresia, mtawala wa dola ya Austria, na binti naye aliitwa jina hilohilo. Haikuwa familia ya shida. Lakini akiwa na miaka mitatu hivi aliacha kuona, na pesa ya baba na ukubwa wa kazi yake havikusaidia.

Ulikuwa wakati wa Haydn na Mozart, ule ambao wanamuziki wanauita enzi ya Klasiki. Piano ilikuwa bado chombo kipya. Kilichotumika zaidi kabla yake kilikuwa na nyuzi zinazokwanyuliwa, na ubonyeze kwa nguvu au polepole sauti ilitoka karibu ileile. Piano ilikuja na nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Ukibonyeza kwa upole inanong'ona, ukibonyeza kwa nguvu inapaza. Yaani ni chombo kinachotii kidole. Kwa mtoto ambaye vidole vyake ndivyo vilikuwa macho, hilo halikuwa jambo dogo.

Wazazi wake walimtafutia walimu wazuri kuliko wote mjini. Leopold Kozeluch alimfundisha piano. Antonio Salieri na Vincenzo Righini walimfundisha kuimba. Akiwa bado binti mdogo aliimba Stabat Mater ya Pergolesi mbele ya Malkia, huku mwenyewe akijipigia kinanda cha kanisa. Stabat Mater ni ule utenzi wa Mama Maria akiwa amesimama chini ya msalaba, tunaouimba katika Njia ya Msalaba. Malkia aliguswa, akaamuru binti apewe posho kila mwaka.

Hapo nilisimama kidogo nikajiuliza swali. Wale walimu hawakusubiri apone ndipo waanze. Walianza naye alivyo.

Tiba iliyoleta ugomvi

Lakini msidhani watu waliacha kuyahangaikia macho yake. Madaktari walimtibu miaka na miaka. Walimbandika dawa kichwani, wakamwekea ruba wamnyonye damu, wakampitishia na umeme. Aliumia sana, na hakupona.

Mwaka 1777, akiwa anakaribia miaka 18, wazazi walimpeleka kwa daktari maarufu, Franz Anton Mesmer. Huyu aliamini kuna nguvu fulani isiyoonekana inayopita ndani ya miili yetu, na kwamba anaweza kuiongoza kwa sumaku na kwa mikono yake. Alimchukua binti akae nyumbani kwake. Baada ya muda Mesmer akatangaza kwamba Maria Theresia ameanza kuona. Watu wakajaa kuja kushuhudia. Madaktari wengine wakasema ni uongo, hajaona chochote. Mji ukagawanyika.

Katikati ya kelele hizo kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: upigaji wake wa piano ukaanza kuharibika. Ilielezwa kwamba vidole vilivyokuwa vinaruka bila kukosea sasa vilikuwa vinajikwaa, kwa sababu alikuwa anajaribu kuviangalia. Binti mwenyewe alihuzunika. Wazazi nao wakaingiwa na hofu ya muziki kupotea, na ya ile posho ya Malkia kupotea pia. Baba akaja kumchukua kwa hasira, ukawa ugomvi wa aibu. Mwishowe alirudi nyumbani, na hakuona tena mpaka kufa kwake. Mesmer naye alihama Vienna akaenda Paris.

Je, aliona kweli kwa siku zile chache? Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Mimi kilichonichoma ni kingine. Daktari alitaka kuwa mtu aliyemponya. Wapinzani wake walitaka kumuumbua daktari. Wazazi walikuwa na hesabu zao. Kila mtu alikuwa na jambo lake juu ya macho yale, na mwenye macho alikuwa katikati yao, kama yule binti wetu alivyokaa katikati yetu kwenye novena.

Pini, vigingi na barua

Sasa angalia waliomsaidia kweli walifanya nini.

Alijifunza herufi kwa pini zilizochomekwa kwenye mto, akizipapasa kwa vidole. Mwaka 1779 fundi mmoja mwenye akili nyingi, Wolfgang von Kempelen, alimtengenezea mashine ndogo ya kuchapa kwa mkono, akawa anaandika barua zake mwenyewe. Baadaye rafiki yake, Johann Riedinger, alimtengenezea ubao wa vigingi: kila umbo la kigingi liliwakilisha noti ya aina yake. Maria Theresia alipanga vigingi kwa mikono, mwenzake akanakili kwenye karatasi. Kwa njia hiyo akaanza kutunga.

Kazi za wengine alizishika kichwani. Inasemekana alijua kwa kichwa kazi zaidi ya 60 za piano na okestra, zile ndefu wanazoziita koncherto. Mimi nyimbo nne za Misa ya Jumapili bila daftari nahangaika!

Mwaka 1783 alianza safari kubwa pamoja na mama yake na Riedinger. Ilichukua karibu miaka mitatu. Walipita Salzburg, wakaitembelea familia ya Mozart. Wolfgang Amadeus Mozart alimwandikia koncherto ya piano, na wataalamu wengi wanaamini ni ile ya mwaka 1784 yenye namba 456 katika orodha ya kazi zake. Wakaingia Paris. Kule kulikuwa na matamasha yaliyofanyika siku ambazo opera ilifungwa kwa sababu ya Kwaresima na sikukuu za Kanisa. Tarehe 1 Aprili 1784, Kwaresima ikiwa inakaribia mwisho, alipiga hapo kwa mara ya kwanza. Walimpenda hata akapanda jukwaani mara 14. Baadaye mwaka huohuo alivuka kwenda London, akapiga mbele ya familia ya mfalme.

Kijana wa mlangoni mwa kanisa

Ila jambo kubwa la Paris halikufanyika jukwaani. Alikutana na mtu anayeitwa Valentin Haüy.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, Haüy alikuwa ameona kwenye maonyesho ya sokoni kundi la wasioona waliovalishwa mavazi ya kuchekesha na miwani mikubwa ya karatasi, wakalazimishwa kupiga vyombo ovyo ili watu wacheke. Alitoka pale ameumia. Alitaka kufanya kitu, lakini hakujua kama kweli mtu asiyeona anaweza kufundishwa kusoma.

Maria Theresia alimwonyesha. Alimweleza pini zake, mashine yake, jinsi anavyoandika barua na jinsi anavyojifunza muziki. Haüy akamchukua kijana asiyeona, François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni mwa kanisa, akaanza kumfundisha kusoma kwa herufi zilizoinuliwa kwenye karatasi. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa shule ya wasioona ya Paris.

Subiri, kuna mwendelezo. Mwaka 1819 aliingia shuleni hapo mtoto wa miaka 10 aliyepoteza macho kwa ajali katika karakana ya baba yake. Jina lake Louis Braille. Akiwa humo alibuni maandishi ya nukta nundu, yale ambayo ndugu zetu wasioona wanayasoma mpaka leo, Tanzania ikiwemo. Alipokua akawa mpiga kinanda kanisani Paris. Mfumo wake aliukamilisha mwaka 1824, mwaka uleule Maria Theresia alipofariki. Hakuna ajuaye watoto wangapi wamesoma kwa nukta zile. Maria Theresia hakuzibuni, ila ni mmoja wa waliofungua njia kwa kumwonyesha Haüy kwamba inawezekana.

Mwalimu

Alirudi Vienna mwaka 1786. Kadiri miaka ilivyokwenda alipunguza safari, akaongeza kutunga. Alitunga nyimbo, kazi za piano, na opera. Si kila kitu kilifaulu. Opera yake ya Rinaldo und Alcina ilionyeshwa Prague mwaka 1797 na watu hawakuipenda. Kazi zake nyingi zimepotea. Na nikutahadharishe: ukiliandika jina lake kwenye intaneti, utakutana kwanza na wimbo mtamu unaoitwa Sicilienne. Wataalamu wanasema huo si wake, ulibandikwa jina lake miaka mingi baadaye. Tafuta nyimbo zake alizozichapisha mwaka 1786, hizo ndizo za mkono wake.

Mwaka 1808, akiwa anakaribia miaka 50, alifungua shule ya muziki Vienna kwa ajili ya wasichana. Jumapili wanafunzi walipiga na kuimba mbele ya watu. Yule aliyefundishwa na wengine bila kusubiriwa apone, sasa alikuwa anafundisha. Hakuiacha kazi hiyo mpaka mwisho. Alifariki tarehe 1 Februari 1824, ana miaka 64.

Swali la Bartimayo

Nilimaliza kusoma usiku, umeme umekatika, simu imebaki asilimia chache. Nikamkumbuka Bartimayo, yule kipofu aliyekaa kando ya njia ya Yeriko. Nimesikia mahubiri juu yake mara nyingi, lakini kuna kitu nilikuwa nakiruka. Bartimayo alipoitwa na kuja, Yesu hakumponya papo hapo. Alimuuliza kwanza anataka amfanyie nini. Mungu mwenyewe, anayejua yote, aliuliza! Sisi tulikuwa tumejibu kwa niaba ya binti wa watu kabla hata ya kumuuliza. Au niseme ukweli wote: yeye alishatuambia anachotaka siku ile ya kwanza, akiwa ameweka mkono juu ya kinanda. Mimi ndiye nilichagua kumwombea kitu kingine, kwa sababu kuombea kulinigharimu kidogo kuliko kufundisha.

Sisemi sala haifai. Mungu anaponya, nami naamini. Nasema kwamba sala yangu siku zile tisa ilikuwa pia pa kujificha.

Siku ya Sesilia nilisimulia haya mbele ya wenzangu, nikamwomba msamaha mbele yao. Halafu nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kujua do iko wapi.

Tukaanza Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa, nimekata plasta ndogo ya kidonda nibandike kwenye do ya katikati. Akaipapasa, halafu akapapasa zile nyeusi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akaniambia plasta haihitajiki. Nyeusi zinakwenda mbili halafu tatu, mbili halafu tatu, na do iko siku zote kushoto kwa zile mbili. Nimepiga kinanda miaka sita, nilikuwa naitafuta do kwa macho, sijawahi kulifikiria hilo. Nikaibandua plasta.

Akanisimulia pia kwamba kwao ukungu ukishuka asubuhi, wenye macho wanasimama, wanaogopa, na yeye anaendelea na njia yake kama kawaida. Alisema huku anacheka. Nikawaza, nani kati yetu alikuwa anahitaji kuongozwa?

Sijawaletea muujiza. Bado hajapiga Misa. Anaweza Aleluya moja kwa mikono miwili na nyimbo mbili kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unamsumbua, kama ulivyonisumbua mimi. Kuna wanaosema nampotezea muda. Na macho yake bado hayaoni. Nilimuuliza kama anataka tuendelee kumwombea macho, nikidhani labda imemchosha. Akasema tuendelee, yeye anapenda kusali nasi. Ila tusali baada ya mazoezi, si badala ya mazoezi.

Mwenzangu unayesoma hapa, wiki hii mtafute mtu mmoja ambaye umekuwa ukimwombea. Pengine ni rafiki asiye na kazi, pengine ni mgonjwa, pengine ni mdogo wako aliyefeli. Usiache kumwombea. Ila nenda ukamuulize anataka umfanyie nini, halafu unyamaze usikilize jibu. Ukiwa na pini, leta pini. Ukiwa na kinanda, ondoa kitambaa.

Tusali: Ee Yesu, uliyesimama njiani ukamsikia Bartimayo wakati wengine wanamnyamazisha, utupe masikio ya kusikia wanachoomba ndugu zetu, na mikono isiyojificha nyuma ya maneno. Uipokee roho ya Maria Theresia na walimu wote waliotufundisha kwa uvumilivu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!